Chupa Niliyoiweka Mimi

Kirumba, Jumapili mchana

Koku mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Buzuruga kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua dada yangu, hutaruhusiwa kuondoka kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa tatu, labda nne. Nimekaa kwenye meza ya ufundi, nimesogeza betri na nyaya pembeni, nimechukua daftari. Hii ni karatasi ya nne. Zile tatu za kwanza zilianza na "natumaini barua hii itakukuta mzima", nikazichana, maana upo hapa hapa nyumbani na kandambili zako ziko mlangoni.

Kesho jioni unapanda meli kwenda Bukoba kuanza kazi ya unesi. Habari za sweta, za kufunga vyeti kwenye nailoni, za kutomwamini kila anayekuita dada, hizo shangazi yako anakupa muda huu. Mimi nina jambo moja tu, na nimelizunguka wiki nzima. Umeona mwenyewe. Jumatano ulinikuta nimesimama uani nimeshika bisibisi, ukaniuliza natafuta nini, nikasema natafuta bisibisi.

Lilianza Jumanne, uliporudi kutoka zamu pale hospitali unapojitolea. Uliingia na hasira, hata shikamoo ulinipa huku unavua viatu. Ukasema, "Baba, leo tumepokea mtoto wa mwaka na nusu, kajimwagia chai ya moto kifua kizima. Mama yake analia tu. Nikamwambia, sasa unalia nini, si ungelia kabla hujaweka chupa ya chai sakafuni?" Ukanawa mikono, ukakaa, ukakata tonge. "Wengine wangefungwa tu, wakae ndani. Kama yule mwanamke wa Bukoba."

Yule mwanamke wa Bukoba ni mama yako. Sijakusikia ukimwita jina lingine tangu uwe na akili ya kuita watu. Na mimi nilikuwa na tonge mkononi, nikalirudisha kwenye sahani, ukadhani ugali haujaiva.

Sasa ngoja nikwambie. Ile chupa ya mafuta ya taa uliyokunywa ulipokuwa mdogo, niliiweka mimi.

Nimeandika hivyo, nikanyanyuka, nikazunguka nyumba yote, nikaangalia kuku, nimerudi. Bado imeandikwa.

Hadithi ya marehemu bibi yako unaijua kwa moyo. Mama yako alikuwa mzembe, aliacha mafuta hovyo akaenda kwenye mambo yake, mtoto akanywa, nusura afe, ukoo ukakaa kikao, mwanamke akaona aibu akarudi kwao. Nimeisikia hadithi hiyo mara nyingi kuliko wewe. Sasa iangalie vizuri, wewe uliyesoma. Yumo mama, yumo mtoto, yumo bibi, wamo majirani na manesi. Baba hayumo. Hujawahi kujiuliza baba alikuwa wapi?

Nilikuwepo. Nilikuwa hatua mbili kutoka ulipokuwa.

Enzi hizo wavuvi wa dagaa walikuwa bado wanatumia karabai, zile taa za kupampu zinazowaka mafuta ya taa. Hizi za sola ninazotengeneza sasa zilikuwa hazijafika. Asubuhi wanatoka ziwani na taa zilizoziba, wananitupia hapa kama wananidai, na kabla jua halijazama wanazitaka zote, maana bila mwanga dagaa haji. Kila taa ninayoizibua lazima niijaribu, na kila kujaribu kunataka mafuta kidogo. Kuinua dumu la lita ishirini kila mara ni kazi, mgongo unauma, mafuta yanamwagika. Kwa hiyo nikawa na akili yangu ya kifundi. Nikatafuta chupa ndogo.

Na chupa zilikuwepo. Mama yako alikuwa mtu wa maji. Kipindupindu kilikuwa kinasumbua mtaani na yeye hakutaka hata tone la ziwa lipite mdomoni mwako bila kuchemshwa. Alichemsha, akapoza, akachuja kwa kitambaa, akajaza kwenye chupa za plastiki, zile za maji ya dukani, akazipanga chini kwenye kona penye ubaridi ili uzifikie mwenyewe. Akakufundisha. Asubuhi na jioni, huku anakuogesha, anakuuliza, "Maji ya ndoo?" Unasema, "Apana." "Ya chupa?" Unasema, "Diyo." Wageni wakija unafanyishwa mbele yao, watu wanacheka, unapigiwa makofi. Hujafikisha hata miaka mitatu.

Nikachukua chupa yake moja tupu nikajaza mafuta ya taa. Mafuta ya siku hizo yalikuwa meupe kama maji. Nikaiweka sakafuni pembeni ya kigoda changu, mkono wa kulia, bila hata kizibo, kwa sababu kufungua na kufunga kunachelewesha.

Mama yako akapita na beseni la nguo. Akasema, "Baba Koku, mwangalie mtoto, naanika." Nikasema sawa. Sikuinua kichwa. Nilikuwa nazibua tundu la taa kwa sindano, na kile kitundu ni kidogo, ukishaingia mle huoni kitu kingine duniani.

Ukasikia kiu. Ndoo ilikuwa pale mlangoni, wazi, kikombe kinaelea juu yake. Uliipita, Koku. Nimekaa na jambo hili miaka ishirini na bado ndilo linaloniamsha. Ulifanya kama ulivyofundishwa. Uliipita ndoo ukaja kwenye chupa.

Nilisikia kikohozi. Nilipogeuka ulikuwa umeishika kwa mikono miwili, macho yamekutoka, kifuani umelowa na unanuka taa. Nikapiga kelele. Mama yako alifika na pini za kuanikia nguo bado ziko mdomoni. Majirani wakajaa. Huyu anasema mpe maziwa, huyu mpe mawese, huyu mtapishe haraka. Mama yako akakukumbatia akasema, "Hatapishwi. Kliniki walituambia mafuta ya taa hayatapishwi, yakirudi yanaingia kwenye mapafu. Tafuteni gari." Alisema mara mbili. Mimi nikakunyakua mikononi mwake nikakuingiza kidole kooni.

Wewe ni nesi. Unajua nilichokufanyia. Mafuta uliyokunywa yalikuwa mafunda mawili, pengine yangepita yakaisha. Ni kidole changu kilichoyapeleka kifuani. Kile kikohozi kinachokukamata kila masika, ambacho bibi yako alikuwa anakichua kwa mafuta ya kondoo huku anamlaani mama yako, hicho ni cha kwangu.

Tulikupeleka kwa gari la samaki la jirani. Umelala kwenye mapaja ya mama yako, midomo imebadilika rangi. Hospitali wakakuchukua, na nesi mmoja mtu mzima akageuka akamwangalia mama yako kuanzia juu mpaka chini. Kanga imelowa, miguu mitupu, pini moja bado imeng'ang'ania kwenye nywele. Akamwambia, "Nyie kina mama wa siku hizi mna nini? Mafuta ya taa kwenye chupa ya maji? Ulikuwa wapi wewe?"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika chupa ya chai. Sijui nani alinipa. Mama yako aligeuka akaniangalia. Hakuniangalia kwa ubaya, aliniangalia tu, akanipa nafasi. Ilikuwa nafasi ndefu, ningeweza kusema maneno mengi. Nikamuuliza nesi, "Samahani, choo kiko wapi?"

Baadaye daktari akauliza nani alimtapisha mtoto. Nikasema, "Walikuwepo watu wengi pale."

Nimeenda kunywa maji nimerudi. Wewe na utani wako wa kunicheka kwamba nanusa kila chupa kabla sijainywa, hata ile iliyofungwa dukani. Eti baba ana pua ya paka. Na uliuliza kwa nini madumu yangu yote nimeyapaka rangi nyekundu na kuandika SUMU pande nne, kwa nini chupa ya plastiki hailali kwenye karakana yangu hata siku moja. Nilikwambia ni utaratibu wa kazi. Sasa unajua.

Ulilala hospitali wiki tatu. Uliporudi, bibi yako akaja kutoka Majita na wajomba zangu wawili, wakakaa hapa sebuleni. Mama yako alikaa kwenye mkeka, peke yake, maana kwao ni mbali na hakuna aliyewaita. Swali lilikuwa moja. Linaulizwa na mzee huyu, linarudi kwa mzee yule. Mama yake alikuwa wapi? Akajibu, "Nilikuwa naanika nguo. Nilimwachia baba yake." Mjomba mkubwa akacheka. "Mwanamume yuko kazini, unamwachia mtoto? Sasa wewe kazi yako nini?"

Ndipo wakanigeukia nami niseme neno. Mama yako aliniangalia, kisha akainamisha kichwa akisubiri. Na mimi, fundi Magesa, nikakohoa nikasema, "Jamani, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Wazee wakatingisha vichwa, wakasema kijana ana busara. Mama yako peke yake ndiye aliyeelewa nilichofanya. Alicheka kidogo, mara moja, halafu akanyanyuka akaenda kuwapikia.

Usiniulize kwa nini nilinyamaza, nitakuwa nadanganya tena. Nimejipa sababu nyingi. Nilimwogopa mama yangu. Niliogopa wavuvi wasije wakasema fundi huyu hajui kutunza mafuta, atatuchomea mitumbwi. Hizo zote zina ukweli wake. Lakini kilichokuwa kizito zaidi ni kwamba ilikuwa rahisi. Hakuna aliyeniuliza. Kila mtu alikuja na swali lake tayari mdomoni na halikuwa langu. Mimi nilitakiwa kukaa kimya tu, na kukaa kimya hakuna jasho.

Basi ikaanza. Kisimani wanawake wananyamaza mama yako akifika. Mtoto wa jirani akiingia uani kwetu kucheza, anaitwa jina kwa sauti ya juu arudi. Kliniki wanamwambia akae mbele "ili asikie vizuri". Miezi saba alivumilia. Usiku ananiambia, "Baba Koku, sema hata kwa mtu mmoja. Mwambie hata dada yako tu." Nasema nitasema. Nilisema nitasema mpaka siku alipokwenda Bukoba kumzika shangazi yake, na hakurudi. Alipokuwa anaondoka alitaka kukuchukua, bibi yako akakaa mlangoni na mkeka wake, akasema mjukuu wangu haendi kuuawa. Tangu siku ile bibi akaacha kukuita Koku, jina la kwa kina mama yako, akawa anakuita Maria, la ubatizo. Mimi tu ndiye niliyebaki na Koku, na nililitumia kwa sauti ndogo. Bibi yako ameshalala, simtupii mzigo. Yeye alihukumu alichoambiwa. Aliyekuwa anajua ni mimi.

Halafu kuna ile siku unayoikumbuka mwenyewe. Ulikuwa na miaka saba. Mama yako alishuka melini asubuhi, akaja na gauni alilokushonea, na senene, wale panzi wa kwao, wamekaangwa wamefungwa kwenye majani ya mgomba. Ukasimama mbele yake na sare ya shule. Ukamuuliza kama mtoto aliyefundishwa vizuri, "Kwa nini ulininywesha mafuta ya taa?"

Aliniangalia tena. Mara ya tatu hiyo, ukihesabu ya hospitali na ya kikaoni. Nilikuwa nakoroga chai. Niliendelea kukoroga. Sukari ilikuwa imeshayeyuka zamani.

Akapiga magoti mpaka macho yenu yakawa sawa, akakwambia, "Nisamehe, mwanangu."

Senene ulikataa kula. Akaondoka na meli ya jioni ileile. Toka siku hiyo umebaki na ushahidi: si aliomba msamaha mwenyewe? Nimekusikia ukisema hivyo kwa rafiki zako. Angekuwa hana kosa angeomba msamaha wa nini? Mwanangu, aliomba kwa sababu aliona huna mtu mwingine hapa isipokuwa mimi. Angekuondolea baba, ungebaki na nani? Hilo nililielewa palepale, kijiko kikiwa mkononi, na bado nikalikubali kama zawadi.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imetembea miaka ishirini na ina lami.

Na usidhani nilikaa nikijuta kimyakimya kama mtu mwema. Mtoto wa Mama Neema hapo jirani alipoangukiwa na sufuria ya maharage, unajua nani alikuwa wa kwanza kusema pale kwenye kahawa, "Hivi mama yake alikuwa wapi?" Mimi. Nilisema kwa nguvu. Na yule mwenzangu fundi wa mabati, mwanawe alipoanguka kutoka juu ya paa akavunjika mkono, tulikwenda kumpa pole baba yake, tukasema ajali haina kinga. Mimi nikasema hivyo pia. Nilijua kabisa tofauti ya maneno hayo mawili, na nilijisikia nafuu nikiyasema. Ukimwonyesha mwingine kidole, hakuna anayeangalia miguuni kwako kumewekwa nini.

Ndiyo maana Jumanne niliposikia sauti yako nililirudisha tonge. Haikuwa sauti yako. Ilikuwa ya yule nesi wa mwaka ule, na sauti hiyo umeipata nyumbani kwangu. Ulisema ungependa yule mama afungwe. Koku, pengine ni kweli aliacha chupa sakafuni. Mimi sijui. Wewe pia hujui, ulikuta mtoto ameshaungua. Sikufundishi kazi, wewe ndiye uliyesoma. Ila siku nyingine ukimpokea mtoto na mama yake analia, ukishamaliza la mtoto, mtazame na yule aliyesimama nyuma ameshika chupa ya chai, hasemi kitu.

Sasa la mama yako. Wiki mbili zilizopita alinipigia. Hajawahi kunipigia kuuliza habari zangu, anapiga kuuliza kifua chako. Akasema, "Nasikia Koku kapangiwa huku kwetu. Nije bandarini nimpokee, au nitamkera?" Nikamwambia nitakujibu. Wiki mbili, Koku. Ninajua nilichokuwa nasubiri. Nilisubiri upande meli, ufike, usimwone, upange chumba, maisha yaendelee, na mimi nife na heshima yangu.

Ngoja.

Nimetoka uani kumpigia. Alipopokea, neno la kwanza, "Baba Koku, kuna nini, mtoto mzima?" Nikasikia cherehani yake inazunguka nyuma, bado anashona sare za shule.

Nikasema, "Mzima. Nimemwandikia."

"Umemwandikia nini?"

"Habari ya chupa."

Cherehani ikasimama. Halafu akasema, "Usiwe umeandika vibaya sana. Atakuwa huku ugenini, asije akajiona hana baba." Hayo ndiyo maneno yake. Miaka ishirini, na bado ananifunika mimi kwa kanga yake. Nililia pale pale kwenye kamba ya nguo, na kama jirani aliniona basi aliniona.

Nikamwambia, "Njoo bandarini." Akasema, "Asiponitaka je?" Nikasema hilo silijui, mama Koku, lakini akikukataa, akukatae akiwa anajua.

Nilipanga kuificha barua hii kwenye begi lako, juu ya vyeti, uisome ukiwa katikati ya ziwa na mimi siuoni uso wako. Mpango mzuri. Ni uleule wa kuuliza choo kiko wapi. Hapana. Nitakupa mkononi leo, ukirudi kutoka kwa shangazi yako, na nitakaa hapa kwenye kigoda mpaka uimalize. Useme utakachosema. Ukitaka kuondoka bila kuniaga ni haki yako, begi nitalibeba mimi mpaka bandarini, nikiwa nyuma yako. Na shangazi yako nitamwambia mwenyewe kesho asubuhi, halafu wajomba, wale walio hai. Mama yako aliniomba nimwambie hata mtu mmoja. Nimeanza na wewe kwa sababu ndiwe niliyekuogopa kuliko wote.

Jumanne asubuhi meli itafunga Bukoba. Usihangaike kumtafuta mama yako, atakuwa amefika kabla ya wapagazi. Ni mfupi kuliko unavyomkumbuka. Usiku mzima melini utakuwa umevuta moshi wa injini na harufu ya ndizi, koo litakuwa limekauka, na yeye atakuwa ameshika chupa ya maji aliyochemsha mwenyewe, akapoza, akachuja kwa kitambaa. Namjua. Atakunyooshea kwa woga, hatajua kama utapokea.

Chupa ya kunusa ni yangu mimi. Ya kwake usiinuse, mwanangu. Kunywa.

Baba yako